Simu nafuu za ng'ambo: Mkazi wa Garissa achague vipi?

Na MWANDISHI WETU

WAKAZI wengi wa Garissa, Wajir na Mandera wana jamaa katika miji ambayo wao wenyewe hawajapata kuiona: Minneapolis na Columbus nchini Marekani, Toronto, London, Oslo, Stockholm, Dubai na Jeddah. Karo ya shule, gharama za hospitali, maji ya mifugo wakati wa ukame na hata mashauri ya posa huanza kwa simu kabla ya jambo jingine lolote kufanyika. Kwa hivyo anayeuliza ni huduma gani ya kupiga simu kwa intaneti iliyo nafuu haulizi jambo la anasa. Tatizo ni kwamba matangazo hujibu swali hilo kwa tarakimu moja tu, yaani bei ya dakika, na tarakimu hiyo haitoshi kumwongoza mnunuzi.

Jambo la kwanza la kutazama ni simu inaishia wapi. Kijana aliye Minnesota huenda ana intaneti ya kasi nyumbani na kazini, lakini iwapo nyanya yake yuko Balambala au Hulugho na anatumia kabambe, programu ya bure haimsaidii kitu. Huduma ichaguliwe kwa kuzingatia upande wenye uwezo mdogo, na mara nyingi upande huo ni huku kwetu.

Hali hii ina historia yake. Katika kambi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilizofunguliwa mwaka 1991 na 1992, wakimbizi na wenyeji walitegemea kwa miaka mingi redio za mawasiliano zilizojulikana kama taar. Mwenye redio alipokea ujumbe, aliyeitwa akatafutwa, naye akaja saa iliyoagizwa kuzungumza huku akisikilizwa na kila aliyefungulia masafa hayo. Siri za nyumba zilijulikana na kambi nzima. Mjini Garissa mwenye haja ya kupiga simu ng'ambo alilazimika kutumia laini za shirika la serikali, na baada ya mwaka 1999 za Telkom Kenya, ambayo ilirithi upekee wa kupitisha simu za kimataifa. Upekee huo ulimalizika mwaka 2004. Kabla ya hapo, mwenye mkahawa wa intaneti aliyewauzia wateja simu za kupitia tarakilishi alikuwa akivunja sheria, ingawa wengi walifanya hivyo kisirisiri.

Ruhusa pekee haikuleta sauti nzuri. Intaneti ya Kenya wakati huo ilipitia kwa setilaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Neno lililotamkwa Garissa lilichukua takriban robo sekunde kupanda na kushuka, na jibu likachukua robo nyingine, hata watu wawili wakajikuta wakisema kwa pamoja na kunyamaza kwa pamoja. Mambo yalibadilika mwaka 2009 wakati nyaya za TEAMS, kutoka Fujairah, na SEACOM zilipofika Mombasa kupitia chini ya bahari. EASSy ilifuata mwaka 2010. Tangu hapo sababu kuu ya simu mbovu si tena safari ya kwenda angani bali ni kipande cha mwisho cha njia, yaani kati ya mlingoti na simu iliyo mkononi mwa mtu.

Simu za aina mbili

Msomaji anayetaka kulinganisha bei ni sharti atenganishe aina mbili za simu ambazo watangazaji hupenda kuzichanganya.

Aina ya kwanza ni ile ya programu kwa programu. WhatsApp iliongeza simu za sauti mwaka 2015 na za video mwaka 2016. Zipo pia imo, Viber, Telegram na nyinginezo. Hapa hakuna bei ya dakika. Kinacholiwa ni data, na hulipiwa pande zote mbili, kila mtu kwa kampuni yake. Mazungumzo ya sauti hutumia kati ya nusu megabaiti na megabaiti moja kwa dakika, ikitegemea programu na hali ya mtandao. Kwa hesabu hiyo, nusu saa ya mazungumzo humla mtu wa Garissa megabaiti 15 hadi 30. Video huweza kula mara tano ya kiasi hicho au zaidi. Jamaa wa ng'ambo anayesisitiza kuona uso wa mama kila siku hana budi kukumbuka kwamba mama ndiye anayelipia nusu ya picha hiyo, tena kwa bando alilonunua kwa shilingi chache asubuhi.

Gharama hiyo ya mama ina kodi ndani yake. Mbali na ushuru wa thamani, huduma za simu na data nchini hutozwa ushuru wa bidhaa, ambao ulipandishwa hadi asilimia 20 mwaka 2021 kabla ya kushushwa hadi asilimia 15 mwaka 2023. Ndiyo maana ni busara kwa aliye ughaibuni kumtumia aliye nyumbani bando badala ya kumwambia kwamba simu ni ya bure. Anayenunua bando lililotengewa WhatsApp pekee naye aulize kwanza kama linahusu simu au ni la ujumbe tu, kwani si kila bando la jina hilo hubeba sauti. Aidha, katika mipangilio ya WhatsApp kuna sehemu ya kupunguza data wakati wa simu. Wachache huijua, na huwa na manufaa hasa mahali ambapo mtandao ni dhaifu.

Aina ya pili ni ya programu kwa nambari ya kawaida ya simu. Anayepiga hutumia intaneti, lakini anayepigiwa hupokea kama anavyopokea simu nyingine yoyote, hata kwa kabambe isiyo na intaneti. Rebtel na Viber Out ni baadhi ya huduma za namna hii, na walio Marekani wana pia Google Voice. Hapa bei ya dakika ipo, na hutofautiana sana kwa sababu kampuni ya simu ya nchi inayopokea hudai ada kwa kila dakika inayoingia katika mtandao wake. Simu za kwenda Marekani, Canada au China huwa za bei ya chini mno. Za kwenda Kenya ni ghali zaidi ya hizo, na za kwenda Somalia kwa kawaida ni ghali kupita za Kenya. Familia iliyo na watu Garissa na Kismayu isidhani kwamba bei moja iliyotangazwa inawahusu wote.

Kutokana na tofauti hiyo kuna jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Ikiwa dakika ya kutoka Minneapolis kuja Garissa ni ghali kuliko dakika ya kutoka Garissa kwenda Minneapolis, basi wakati mwingine ni nafuu aliye Garissa ndiye apige, kwa programu, hadi kwenye nambari ya kawaida ya Marekani, kisha gharama ilipwe na aliye kule. Zamani kikwazo kilikuwa kadi ya benki, kwa kuwa huduma hizi huuzwa kwa kadi. Tangu mwaka 2022 mteja wa M-Pesa amekuwa na njia ya kulipia bidhaa za ng'ambo kwa kadi ya Visa isiyoshikika, inayoitwa GlobalPay. Wengine humwachia jamaa wa ng'ambo atie pesa katika akaunti kwa kadi yake. Njia zote mbili zinafaa, mradi nenosiri lijulikane na mtu mmoja au wawili tu.

Bei ya dakika na hila zake

Tuchukue mfano wa kubuni. Huduma ya kwanza inatoza senti 8 za dola kwa dakika, ada ya kuunganisha ya senti 10 kwa kila simu, na huhesabu dakika nzima hata kama umezungumza sekunde chache za dakika hiyo. Huduma ya pili inatoza senti 12 kwa dakika, bila ada ya kuunganisha, na huhesabu kwa sekunde. Mtu akipiga kuuliza tu kama pesa zimefika, akazungumza dakika moja na sekunde 10, ile ya senti 8 itamtoza senti 26 na ile ya senti 12 itamtoza senti 14. Akizungumza dakika 20, ya kwanza itakuwa dola 1 na senti 70, na ya pili dola 2 na senti 40. Basi ipi ni nafuu? Hakuna awezaye kujibu asipojua mtu huyo huzungumza kwa muda gani.

Na katika sehemu hizi simu nyingi ni fupi. Simu na hawala ni kama pacha: anayetuma hupiga kutaja kiasi, jina na mahali pa kuchukulia, anayepokea hupiga kusema amepata, na hapo mazungumzo hukatika. Simu tano za namna hiyo kwa mwezi zikitozwa ada ya kuunganisha huweza kuzidi gharama ya simu moja ndefu ya Idd. Yaelekea ada hii ndiyo inayowaumiza wateja wa kaskazini mashariki kuliko bei ya dakika yenyewe, na ndiyo inayoandikwa kwa herufi ndogo kuliko zote.

Hila hizi hazikuanzia katika programu. Kadi za kupigia simu zilizouzwa madukani katika miji ya Marekani na Ulaya miaka ya 2000 ziliahidi dakika nyingi kuliko zilizotoa, na mwaka 2008 Tume ya Biashara ya Marekani ilizishtaki baadhi ya kampuni zilizouza kadi hizo. Kilichobadilika ni umbo tu. Leo mteja aangalie mambo haya kabla ya kulipa: kama malipo ni ya mara moja au hujirudia kila mwezi bila kuulizwa tena, kama bei ya simu ya mkononi ya Kenya ni sawa na ya simu ya mezani, na kama salio hufa lisipotumiwa. Neno "bila kikomo" nalo lina kikomo. Kwa kawaida huwa limefungwa na kifungu cha matumizi ya haki kinachotaja idadi ya dakika au ya nambari zinazoweza kupigiwa.

Kuhusu salio, kisa cha Skype kinafundisha. Huduma hiyo ilianza mwaka 2003, ikanunuliwa na Microsoft mwaka 2011, na kwa muda mrefu ndiyo iliyokuwa na jina kubwa kuliko zote katika mikahawa ya intaneti. Salio lake lililala likikaa siku 180 bila kutumiwa, ingawa mwenyewe angeweza kuliamsha. Tarehe 5 Mei 2025 Skype ilifungwa. Waliokuwa na salio walielekezwa kulitumia kupitia Teams, jambo lisilo rahisi kwa mzee aliyezoea kuona alama ile ya buluu. Kwa hivyo haifai kutia dola 50 katika huduma yoyote kwa sababu tu ya zawadi ya dola 5.

Ghuba

Walio na jamaa Dubai au Abu Dhabi wana shida ya aina yake. Katika Falme za Kiarabu, simu za sauti na video za WhatsApp na programu nyingi za kigeni zimezuiwa kwa miaka mingi, ijapokuwa ujumbe hupita. Huko kuna programu zilizopewa leseni, BOTIM ikiwa mojawapo, na hutumiwa kwa vifurushi vya kulipia vya kampuni za simu za nchi hiyo. Saudi Arabia iliondoa marufuku yake ya jumla Septemba 2017, ila si kila programu iliyofunguka mara moja.

Vijana hushauriana kutumia huduma za kuficha mahali mtu alipo, maarufu kama VPN. Kabla ya kumpa ndugu ushauri huo, ieleweke kwamba sheria ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 kuhusu uhalifu wa mitandao inaweka faini ya kuanzia dirham 500,000 hadi dirham milioni 2 kwa anayetumia njia hiyo kutenda kosa au kulificha. Kijakazi au bawabu hawezi kulipa hata sehemu ya kumi ya hiyo.

Njia iliyo salama na rahisi ni ujumbe wa sauti. Hurekodiwa, hupita kama ujumbe wa kawaida, hutumia data kidogo, na husubiri hadi mpokeaji apate mtandao. Kwa watu wenye mapokeo makubwa ya maneno ya kinywa kama Wasomali, na kwa wazazi wasiosoma, ujumbe wa sauti wa dakika mbili huenda ukafaa kuliko simu inayokatika kila nusu dakika. Msichana anayesafiri kwenda kazini Ghuba akubaliane na watu wa nyumbani, kabla ya kupanda ndege, ni programu gani watatumia na ni siku gani watapigiana. Akishafika, huenda simu ya mkononi isiwe mikononi mwake kila saa.

Mlingoti ukianguka

Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, na hata katika hali mbaya isizidi 400. Mtu wa kawaida hawezi kupima hilo kwa kipimo, bali anaweza kwa sikio: ahesabu kwa sauti moja, mbili, tatu, na mwenzake aitikie kila nambari. Mwitikio ukichelewa kiasi cha kumkera, huduma hiyo haifai kwa mazungumzo marefu, hata ikiwa bure.

Lakini huku kwetu ubora wa programu mara nyingi si kitu kikilinganishwa na usalama wa mlingoti. Al-Shabaab wamelenga milingoti ya mawasiliano mara kwa mara katika kaunti za Mandera, Wajir na Garissa. Januari 2020 ule ulioko Saretho, karibu na Dadaab, ulilengwa katika shambulio lililoua watu wanne. Mlingoti ukiharibiwa, eneo zima hukosa simu za kila aina. Nako baharini, hitilafu ya nyaya za SEACOM na EASSy Mei 2024 ilipunguza kasi ya intaneti Afrika Mashariki kwa siku kadhaa, ilhali simu za kawaida za humu nchini ziliendelea. Novemba 2023, na tena Novemba 2024, Telegram ilizuiwa nchini wakati wa mtihani wa KCSE. Familia iliyotegemea programu hiyo peke yake ilikosa mawasiliano.

Hivyo basi, kila nyumba iwe na njia mbili: programu ya bure kwa mazungumzo ya kila siku, na huduma ya kupigia nambari za kawaida, yenye salio dogo, kwa siku ya dharura. Tangu Julai 2023 kuna pia Starlink, na mahali penye duka au shule iliyoiweka, simu za programu huweza kupita hata mlingoti ukiwa umezimika. Simu za intaneti hazipaswi kutegemewa kupigia polisi au ambulensi; 999 na 112 hupigwa kwa laini ya kawaida.

Walaghai nao wamo. Kosa kubwa kuliko yote ni kumpa mtu nambari ya siri ya tarakimu sita inayotumwa na WhatsApp kwa ujumbe mfupi. Anayeipata huiteka akaunti, kisha huwaandikia jamaa wote walio ng'ambo kwa jina la mwenyewe akidai kuna mgonjwa na pesa zinahitajika upesi. Sehemu ya uthibitisho wa hatua mbili, iliyo katika mipangilio ya programu hiyo, huzuia wizi wa namna hii. Anayeombwa pesa kwa maandishi naye apige simu ya kawaida asikie sauti kabla ya kwenda kwa wakala.

Dalili nyingine ya kutilia shaka ni simu ya kutoka ng'ambo inayoonekana kwenye simu ya Garissa kana kwamba imepigwa na nambari ya humu nchini usiyoijua. Mara nyingi maana yake ni kwamba huduma hiyo hupitisha simu kwa mitambo haramu iliyojazwa kadi za simu za Kenya ili kukwepa ada ya kimataifa. Sauti yake huwa mbaya, nambari hubadilika kila siku, na mitambo hiyo ikinaswa, salio la mteja hupotea nayo.

Anayetaka kujaribu huduma mpya atie kiasi kidogo kabisa kinachokubaliwa. Nambari ya Kenya iandikwe kwa +254, na ile sifuri ya mwanzo iondolewe. Wengi husema huduma ni mbovu kumbe nambari ndiyo iliyoandikwa vibaya. Saa zikumbukwe pia: Garissa iko mbele ya Minneapolis kwa saa tisa majira ya baridi na saa nane majira ya joto, hivyo saa tatu usiku huku ni saa sita au saa saba mchana kule. Apige simu tatu, mchana, magharibi na usiku, moja ikiwa fupi ya chini ya dakika moja. Baada ya kila simu aandike salio lililobaki na muda aliozungumza, kisha agawanye mwenyewe kiasi kilichokatwa kwa dakika alizozungumza. Amwulize pia aliyempigia ni nambari gani iliyotokea kwenye kioo cha simu yake, na kama alisikia kila neno.